Likizo ni moja tu, uende nyumbani Krismasi au Pasaka? Ulinganisho kwa anayetaka ibada yenyewe

Kila ikifika mwezi wa kumi grupu letu la familia linachangamka, nani anakuja nyumbani, nani anabaki Dar, nani anatoa mbuzi nani analipia turubai na viti, na kwa miaka mingi mi nilikuwa najibu bila hata kufikiria: nakuja Krismasi. Kwetu Kilimanjaro Desemba ni ya nyumbani, hiyo haina mjadala. Ila kazini kwetu ruhusa ya safari ndefu unaipata mara moja kwa mwaka, na mwaka ambao baba mkwe alifariki mke wangu akaniomba safari hii tuache Moshi Desemba, tuitunze ruhusa twende kwao Tukuyu wakati wa Pasaka. Nilikubali kwa shingo upande. Sasa hivi nimeshazijaribu zote mbili, Krismasi na Pasaka, kwa Wakatoliki kwetu na kwa Wamoraviani kwa wakwe, na vijana walioanza kazi karibuni wananiuliza sana hili swali, kwamba kama una nafasi moja tu uchague ipi. Naandika kwa mtu anayetaka ibada imguse. Kama kiu yako ni kuona ndugu wote kwa mpigo, jibu unalo tayari, nenda Desemba na Mungu akutangulie.

Nianze na hili la ukubwa maana ndo linalochanganya wengi. Tumekua tukijua Krismasi ndo sikukuu kubwa kwa sababu ndo yenye nguo mpya na pilau na wageni kutoka mjini. Kwa kalenda ya kanisa sivyo, Pasaka ndo mama. Wakristo wa karne ya 2 walishakuwa wanaadhimisha Pasaka na kubishana kabisa kuhusu siku yake, mpaka Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ukataka wote waifanye Jumapili moja, wakati Krismasi ya 25 Desemba ushahidi wake wa zamani ni wa Roma mwaka 336. Na mwaka wa kanisa ukiuangalia vizuri utaona sehemu kubwa inaifuata Pasaka inakokwenda: Jumatano ya Majivu unaipata kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka Pasaka, Kupaa Bwana na Pentekoste unazipata kwa kuhesabu kwenda mbele, siku 50 zote hizo kanisa linaziita kipindi cha Pasaka, sio Jumapili ile moja tu. Yenyewe inahama kwa sababu inafuata mwezi, ni Jumapili inayokuja baada ya mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, kwahiyo haiwahi kabla ya 22 Machi wala haipiti 25 Aprili.

Kwa mtu wa kuomba ruhusa hiyo ina maana kubwa. Krismasi ya 2026 inaangukia Ijumaa, tarehe 26 ni Jumamosi, yaani sikukuu ya pili imemezwa na wikiendi, unapata siku tatu. Pasaka kila mwaka, iwe Machi iwe Aprili, inakupa Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, siku nne mfululizo, ukiomba na Alhamisi moja tu umepata ibada zote kuu na siku ya kurudi. Mi mwenyewe miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kukaa chini nikalipiga hili hesabu, nilikuwa natumia wiki mbili za likizo Desemba halafu Ijumaa Kuu nasali parokia ya jirani narudi nyumbani kufua.

Halafu kuna maandalizi, maana sikukuu ya kanisa haianzi siku yenyewe. Krismasi inatanguliwa na Majilio, Dominika (yaani Jumapili) nne, mwaka 2026 inaanza 29 Novemba na hapo ndo mwaka mpya wa kanisa unafunguka. Rangi ni zambarau, wimbo wa Utukufu (Gloria) hauimbwi, Dominika ya tatu padre anaweza kuvaa rangi ya waridi kuonyesha furaha imekaribia. Ni kipindi kizuri na kifupi, masomo yake ya Isaya mimi yananituliza sana. Shida ni kwamba kwetu Majilio inaangukia kipindi cha kufunga mwaka, harusi, mahafali, vikao vya michango, tiketi za basi, na mtu anafika usiku wa tarehe 24 hajasali Majilio hata Dominika mbili, anaingia kanisani akiwa bado anawaza foleni ya Chalinze. Kwaresima haimezwi kirahisi namna hiyo. Ni siku 40 bila kuhesabu Jumapili, unaanza kwa kupakwa majivu kwenye paji la uso, majivu ambayo yametokana na matawi ya mwaka jana yaliyochomwa, kila Ijumaa Njia ya Msalaba vituo 14, Aleluya inanyamaza kabisa mpaka usiku wa mkesha. Na hapa Dar kwa miaka hii kuna jambo ninalolipenda mno, Kwaresima na Ramadhani zimekuwa zikikutana, mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaanza wiki hiyohiyo, kwahiyo ofisini meza ya chai ilikuwa tupu karibu yote, mwenzangu wa meza ya pili amefunga na mimi nimefunga, jioni ananiambia karibu futari. Ukifika Pasaka umetoka mahali, mwili nao unajua kuna kitu kimeisha.

Sasa ibada zenyewe. Krismasi ina kilele kimoja, misa ya usiku. Kanisa Katoliki lina misa za usiku, za alfajiri na za mchana kila moja na masomo yake, lakini watu wanachokumbuka ni ule usiku: pango limetengenezwa na vijana kwa majani ya migomba na karatasi za mifuko ya saruji zilizopakwa rangi, hori liko wazi halafu kitoto Yesu kinabebwa kinawekwa, kwaya inapiga Utukufu kwa Mungu juu baada ya wiki nne za kuunyima, na watoto wote wanasukumana mbele waone. Desturi hii ya pango inarudi kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alifanya kule Greccio Italia mwaka 1223, na mpaka leo sijaona kitu kinachomfundisha mtoto wa miaka minne kuliko lile pango. Ukiwa na mtoto mdogo, au una rafiki au mchumba ambaye hajawahi kuingia kanisani au aliacha miaka mingi, mlete Krismasi. Haihitaji maelezo. Mtoto amezaliwa, basi, kila mtu anaelewa.

Ila nisiseme uongo, ibada ya Krismasi nyumbani ni ya msongamano. Nusu ya waumini wako nje chini ya turubai, spika inakata, mahubiri unayasikia vipandevipande, na waumini wa kijijini wenyewe ambao ndo wanalifagia kanisa mwaka mzima wanakosa pa kukaa kwa sababu sisi wa mjini tumejaa. Asubuhi ya 25 ubatizo wa watoto unaweza kuwa mwingi mpaka ukachukua saa mbili, maana familia ndo zimekutana. Ukishatoka kanisani siku ni ya familia yote, kisusio, ile supu yetu ya mbuzi, kinachemka, mbege, pombe ya ndizi, iko tayari, wazee wanataka kujua watoto wanasomaje. Ni furaha ya kweli na mi naiheshimu. Lakini kama ibada, inaisha. Tarehe 26 ni Mtakatifu Stefano shahidi, 28 ni Watoto Mashahidi, 1 Januari ni Maria Mama wa Mungu, kalenda bado iko ndani ya Krismasi mpaka Ubatizo wa Bwana mwezi wa kwanza, ila nenda kanisani asubuhi ya tarehe 28 uone mko wangapi.

Juma Kuu ni kitu kingine, na hapa naomba uniruhusu niende polepole. Alhamisi Kuu jioni, Ijumaa Kuu na Mkesha wa Jumamosi kanisa linazihesabu kama adhimisho moja lililogawanyika siku tatu. Angalia utaona: Alhamisi misa haimaliziki kwa baraka ya kuaga, Ijumaa watu wanaingia kimya na kutoka kimya. Alhamisi padre anaosha miguu ya watu 12, na tangu 2016 kina mama nao wanaruhusiwa kuwa kati yao, kengele zinapigwa kwenye Utukufu halafu zinanyamaza, baadaye altare inavuliwa nguo zote mpaka inabaki meza tupu, Sakramenti, yaani hostia takatifu, inahamishwa na watu wanabaki kuabudu mpaka usiku wa manane. Ijumaa saa tisa alasiri hakuna misa kabisa, ndo siku ambayo hakuna misa. Padre anaingia bila wimbo anaanguka kifudifudi sakafuni, na sisi tunapiga magoti. Halafu Mateso ya Bwana kadiri ya Yohane yanasomwa kwa kugawana sauti, msimulizi mmoja, Kristo mmoja, na umati ni sisi. Kuna mwaka nilikuwa nimesimama karibu na mama mmoja mzee mwenye rozari, ilipofika pale pa kupaza sauti "Msulibishe! Msulibishe!" yeye alifungua mdomo halafu akaufunga, akaangalia chini, machozi yakamtoka. Mi nilikuwa nimeshapaza. Misa zote za Krismasi nilizowahi kusali hazijawahi kuniweka mahali pale.

Mkesha ndo wenyewe. Kwa sheria hauanzi mpaka giza liingie, na ujue karne nyingi ulikuwa umesogezwa ukawa unafanyika Jumamosi asubuhi, Papa Pius XII ndo aliurudisha usiku kuanzia 1951, kwahiyo wazee wetu wengine waliukuta tofauti kabisa. Mara ya kwanza niliusali nyumbani ilikuwa Aprili na masika imekaza. Moto mpya unawashwa nje, na mvua ilikuwa haina mpango wa kuacha, basi makatekista wakauwasha kwenye jiko kubwa la mkaa chini ya mwavuli, mwavuli mwingine juu ya padre, mwingine juu ya mshumaa wa Pasaka, padre anachora msalaba, Alfa, Omega na tarakimu nne za mwaka, anachomeka punje tano za ubani, na mlei aliyeshika tochi ya simu anatetemeka kwa baridi. Ndani giza totoro, hakuna taa hata moja. Mshumaa ukaingia. "Mwanga wa Kristo." "Tumshukuru Mungu." Mara tatu, kila mara sauti inapanda, halafu moto ukaanza kupita kutoka mkono kwa mkono, mimi mshumaa wangu ulikuwa umelowa haushiki, kijana wa mbele yangu akageuka akausubiri ukauke kwenye moto wake taratibu mpaka ukawaka, nta ikatudondokea sote wawili kwenye vidole, hakuna aliyetoa mkono. Mbiu ya Pasaka ikaimbwa kanisa zima likiwa linang'aa kwa vile vimoto vidogo. Masomo ya Agano la Kale ni saba kwa ukamilifu, parokia nyingi zinapunguza lakini lile la Waisraeli kuvuka bahari haliruhusiwi kuachwa, na ukiyasikiliza usiku namna ile unaelewa kwanini wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, wanabatizwa usiku huu. Kwenye Utukufu kengele zikarudi, zile zilizonyamaza tangu Alhamisi. Watu wanalia. Mi nililia.

Kwa watu wazima wanaojiandaa kubatizwa kwahiyo sina hata ulinganisho, ni Mkesha wa Pasaka. Kwa watoto wachanga, chagueni siku ambayo wasimamizi wao watakuwepo.

Sio kila dhehebu lina mkesha wa namna hii, na hapa ndo uulize kabla ya kukata tiketi. Waanglikana wenye urithi wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, upande wa Zanzibar, Muheza na Masasi, wana ubani, moto na mshumaa karibu sawa na sisi, ila Waanglikana wa urithi wa CMS, misheni nyingine ya Kianglikana kutoka Uingereza, kama Dodoma ibada zao ni nyepesi zaidi. Walutheri wanafuata mwaka wa kanisa vizuri sana, kila Jumapili ina wazo lake kuu, na kwao Ijumaa Kuu ndo ina uzito mno, ibada ndefu, altare inaweza kuvikwa nyeusi, watu wengi wanaifunga. Kwa makanisa ya kipentekoste Juma Kuu kama mfululizo wa ibada wengi hawana, ila Pasaka ndo msimu wa makongamano, hasa ya vijana na wanafunzi, siku tatu nne za mafundisho na maombi, kwahiyo hata huko kama unatafuta kulishwa Pasaka inashinda Krismasi. Wasabato hizi sikukuu hazipo kwenye ibada yao ya lazima, usije ukamlaumu rafiki yako Msabato kwamba hakukupigia simu ya heri ya Pasaka.

Wamoraviani nimewaacha makusudi waje peke yao, maana ndo walionibadilisha. Wao wana desturi ya Pasaka alfajiri makaburini, ilianza Herrnhut Ujerumani mwaka 1732, vijana wa usharika walikwenda kuimba makaburini kabla jua halijachomoza, na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 wakaja nayo. Mke wangu aliniamsha saa kumi. Tukuyu saa kumi ya alfajiri mwezi wa nne ni baridi ya kuingia kwenye mifupa, ukungu, tope jekundu, watu wanatembea wamejifunika mashuka, huwaoni sura, unasikia tu ndala zinavyonata. Matarumbeta yakalia mbele yetu. Tulipofika mchungaji akasema "Bwana amefufuka!" na watu wote pale kwenye giza wakajibu "Amefufuka kweli kweli!" Halafu katikati ya liturgia yakasomwa majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Mama mkwe alikuwa katikati yetu, ameshika mkono wa mke wangu upande mmoja na kitambaa upande wa pili. Jina la baba likasomwa. Hakulia kwa sauti, aliitikia kidogo kwa kichwa kama mtu aliyesikia mwenzake ameitwa naye yupo. Jua likaanza kuonekana, vijana wakapiga tena. Njiani kurudi akaniambia, "Mwanangu, sasa nimemzika."

Kama umefiwa mwaka huo, nenda Pasaka. Hilo ndo la kwanza nalokushauri na silibadilishi. Krismasi kwa mfiwa ni ngumu, kila mtu anacheka na kiti kile kiko wazi, Pasaka ibada yenyewe inakuongelea wewe.

Upande wa pesa sitakaa sana. Desemba tiketi za Moshi zinagombaniwa, kuna mwaka tulilipa hela nzima tukakuta siti moja imeuzwa mara mbili, mke wangu akakaa mpaka Korogwe akiwa na mtoto mapajani, na ukirudi unakutana na ada za shule na kodi mwezi wa kwanza. Pasaka safari ni nafuu kwa kulinganisha ila ujiandae na masika, barabara ya kwenda kihamba, shamba la ukoo, inateleza, beba buti, usiende na gari ya chini. Zawadi za nyumbani nazo hazitegemewi sana kama Desemba, sukari na sabuni vinatosha, hakuna anayekutazama mkononi. Na kuna kitu kingine kidogo ambacho kwangu sio kidogo: Pasaka unakuta wazee wako peke yao. Desemba mama yangu ana wageni thelathini, hatukai chini sisi wawili. Pasaka tunatoka mkesha saa sita usiku, tunatembea naye taratibu na mshumaa aliokuja nao, anakataa kuuzima mpaka mlangoni.

Sasa wapi nisingekushauri Pasaka: una watoto chini ya miaka mitano wawili au watatu, mkesha wa saa tatu usiku kwenye baridi utautumia ukiwa nje unabembeleza, hapo chukua Krismasi asubuhi na Juma Kuu ukasali mjini kwa zamu na mwenzio. Ukoo wenu una kikao cha mwaka, mgawanyo wa shamba, posa, mahari, hivyo vyote vinafanyika Desemba na ukikosa umekosa. Wazazi wamekuomba wazi uje Krismasi, basi nenda, utii wa wazazi nao ni ibada. Ila ukienda Desemba nakuomba uanze Majilio hukohuko uliko, Dominika zote nne, ufike tarehe 24 ukiwa umeshasubiri, na ubaki mpaka Dominika ya Familia Takatifu, mwaka 2026 ni tarehe 27, kanisa likiwa limepungua watu utasikia mahubiri vizuri.

Kama ruhusa haipo kabisa, wala Desemba wala Machi, Pentekoste ni Jumapili, haihitaji kibali cha mtu, nyekundu kanisa zima, na inafunga zile siku 50. Wengi tunaipita kama Jumapili ya kawaida na inaniuma.

Tarehe za kuandika kwenye fomu ya ruhusa ya 2027 ni hizi: Jumatano ya Majivu 10 Februari, Alhamisi Kuu 25 Machi, Ijumaa Kuu 26, Mkesha usiku wa 27, Pasaka 28, Pentekoste 16 Mei. Mi nimeshaomba kuanzia Jumatano ya 24 Machi. Mwaka huo ni zamu ya Tukuyu, mama mkwe ameshauliza kama tutakuja na yule mtoto wa mwisho aione alfajiri yake ya kwanza makaburini.